Kona ya Mwalimu: Ili mama mgeni asibaki kwenye benchi



Juma hili tunaanza na kosa letu wenyewe. Kwenye sherehe ya kufunga mwaka tulipanga vitu vyote vizuri: viti vya kuazima, sombe, samaki, sukre za kutosha, na kijana wa muziki aliyefika kwa saa. Wamama saba wapya, wale waliofika mtaani kwetu wakikimbia vita, tuliwaalika kwa heshima. Muziki ulipoanza, sisi wa zamani tukaingia katikati na ule mchezo tuliojifunza kwa ajili ya tarehe 8 Machi, wenye kugeuka mara tatu na kupiga makofi kwa zamu. Ulipendeza kweli. Tukawapungia wageni mkono: "Wamama, simameni, mucheze!" Mmoja akajibu kwa upole: "Asante Mwalimu, sisi tutaangalia tu." Wakaangalia hadi saa ya kurudi nyumbani, chupa za sukre mkononi.

Wawili kati yao hawakurudi tena, hata kwenye likelemba. Tulipomwuliza jirani yao sababu, alitujibu kwa maneno machache: "Wanasema kule kuna wenyewe."

Neno hilo limetukaa moyoni. Hatukumfukuza mtu. Hatukumcheka mtu. Lakini tulikuwa tumepanga chakula na viti, na hatukupanga hata kidogo mlango wa kumwingizia mtu asiyejua. Mwalimu akifanya hivyo darasani, inspekta atamwandika vibaya, na atakuwa na haki.

Basi katika siku hizo, mmoja wa wanachama wetu wa zamani, ambaye sasa anaishi Marekani katika jimbo la New Hampshire, alitutumia sauti kwenye WhatsApp. Jirani yake alikuwa amempeleka kwenye dansi ya watu wa kule, katika ukumbi wa kijiji. Alisema: "Nilifika sijui hatua hata moja. Nilicheza tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyenicheka. Na wale wanaojua sana, nao walirudi nyumbani wamefurahi." Tukamwuliza imewezekanaje. Tukaulizia zaidi na kusoma. Tukagundua kwamba haikuwa bahati. Mangaribi ile ilikuwa imepangwa kama fishi ya somo la mwalimu.

Dansi yenyewe inaitwa kontra. Leo inachezwa katika miji mingi ya Marekani, lakini nyumbani kwake ni kule kaskazini-mashariki wanakoita New England. Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1651, John Playford wa London alichapisha kitabu cha dansi za vijijini, The English Dancing Master. Wafaransa nao walizipenda, wakaziita contredanse. Tawi moja likavuka bahari na kukaa New England. Tawi lingine likafika Karibea, likakutana na ngoma za Waafrika waliouzwa utumwani, wengi wao wakiwa wametoka pande zetu za Kongo. Kutoka huko Kuba ikapata contradanza, kisha danzón. Na sote tunajua jinsi muziki wa Kuba ulivyorudi kwetu kwenye santuri katika miaka ya 1930 na 1940, ukasaidia kuzaa rumba yetu, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Hatusemi kontra na rumba ni mapacha. Ni watu wa ukoo mmoja wa mbali, wale wanaokutana kwenye matanga na kuulizana majina ya babu.

Kontra nayo ilikaribia kusahaulika. Watu kama Ralph Page wa New Hampshire (1903–1985) waliitunza kwa miaka mingi, na miaka ya 1960 na 1970 Dudley Laufman wa Canterbury, katika jimbo lilelile, akawavuta vijana wengi. Ngoma isiyojua kumpokea mgeni inakufa pamoja na wazee wake. Hilo watu wa kontra wamelielewa vizuri, na ndiyo sababu wanapanga.

Tueleze kwanza namna inavyochezwa. Watu wanasimama katika mistari miwili mirefu, kila mmoja na mwenzake. Kuanzia kichwa cha mstari, jozi mbili mbili zinashikana mikono na kuwa kundi la watu wanne. Violini, piano na pengine gitaa vinapigwa palepale ukumbini. Mzunguko mmoja una mapigo 64, karibu nusu dakika. Kwa mfano: mistari miwili inasogea mbele na kurudi nyuma, mapigo 8. Unamzunguka jirani yako mgongo kwa mgongo bila kumgusa, mapigo 8. Mnashikana na kuzungushana, mapigo 16. Wanne wanashikana mikono na kuzunguka kushoto robo tatu ya duara, mapigo 8. Unazungushana na mwenzako, mapigo 8. Duara tena, robo tatu, mapigo 8. Mnaingia ndani kidogo na kutoka, mapigo 4. Mnapishana na kwenda mbele, mapigo 4. Ukihesabu, ni 64. Hapo wewe na mwenzako mmesogea nafasi moja, na mbele yenu wamesimama majirani wapya. Mnarudia yaleyale nao, kisha na wengine, mara kumi na zaidi.

Mbele ya ukumbi kuna mwongozaji. Ni kama atalaku wetu, ila hasifu watu wala hatupi majina ya matajiri. Kazi yake ni kusema kitendo kinachofuata, kidogo kabla ya pigo lake. Kabla ya muziki kuanza anawatembeza watu polepole, kitendo baada ya kitendo. Muziki ukianza anasema kila kitu. Baada ya mizunguko kadhaa anasema neno mojamoja. Mwishoni ananyamaza, na ukumbi mzima unacheza wenyewe. Wamama walimu wataelewa jambo hili: mtoto anayeambiwa kila neno hadi mwisho hajajifunza.

Sasa tuje kwenye mpango, maana ndipo penye fundisho letu.

Mwongozaji mzuri anajua kwamba ukumbini watakuwemo watu wa aina tatu: aliyefika leo kwa mara ya kwanza, aliyekuja mara chache, na yule anayecheza tangu miaka ishirini. Akipanga kwa ajili ya mabingwa tu, wageni hawatarudi. Akipanga kwa ajili ya wageni tu, mabingwa watachoka na kukaa, na mgeni atakosa mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo anaandika mangaribi nzima kwa utaratibu. Huu hapa mfano tuliouandika wenyewe kwa kufuata desturi yao:

Saa moja ya mangaribi: somo la wageni, nusu saa. Kutembea kwa mapigo, kushikana vizuri, na namna ya kuzungushana bila kizunguzungu, yaani kumtazama mwenzako usoni wala si ukutani. Baadhi ya wenyeji nao wanakuja kwenye somo hili, ili mgeni asijifunze na mgeni peke yao.

Saa moja na nusu: dansi ya kwanza. Vitendo vichache, maelezo mafupi, miguu ianze kwenda upesi. Inachaguliwa dansi ambayo mtu akipotea, jirani anayefuata anamkuta na kumrudisha njiani.

Dansi ya pili: vilevile vya kwanza, na kitendo kimoja tu kipya, tuseme nyota ya mikono minne.

Dansi ya tatu: muziki wa namna nyingine, laini zaidi, na tena kitendo kimoja kipya.

Dansi ya nne: umbo linabadilika. Wanaweza kuacha mistari na kucheza katika duara kubwa au katika mraba wa jozi nne.

Dansi ya tano: ya nguvu na furaha, yenye vitendo vinavyojulikana tayari. Kisha walsi moja ya polepole, na mapumziko karibu saa tatu.

Dansi ya sita na ya saba: hapa ndipo penye ngumu. Watu wamepata joto, na bado hawajachoka. Hapa kinaingia kitendo kile ambacho wanne wanapishana bila kugusana, bega la kulia, bega la kushoto, kama nyuzi za msuko mikononi mwa mama anayesuka nywele.

Dansi ya nane hadi ya kumi: mpango unashuka polepole. Miguu imechoka, na kichwa pia. Dansi za mwisho ni za raha, kila mtu anazijua. Walsi ya kufunga, na saa nne na nusu watu wanaaga.

Mkiangalia vizuri mtaona mambo matatu. La kwanza ni lile tulilofundishwa kwenye ISP na ambalo kila mama analijua jikoni kwake: unaanza na kinachojulikana, unaongeza kimoja kimoja. Mtoto hapewi bugali na pilipili siku ya kwanza ya kuacha ziwa.

La pili ni mabadiliko. Dansi mbili zinazofanana hazifuatani. Baada ya ile ya kurukaruka inakuja ile laini. Kitendo kilichotawala dansi ya tatu hakitawali tena ya nne. Kwa namna hii bingwa hachoki hata kama vitendo ni rahisi, kwa sababu anapata ladha tofauti. Wengi wetu tunadhani anayejua anahitaji ugumu. Mara nyingi anahitaji mabadiliko tu. Mama aliyepika miaka thelathini hachoshwi na maharagi. Anachoshwa na maharagi ya kila siku yaliyopikwa namna moja.

La tatu, mpango ni wa penseli. Mwongozaji anakuja na kadi nyingi kuliko anazohitaji, kila kadi na dansi yake. Anatazama ukumbi. Wageni wakiwa wengi kuliko alivyotazamia, anaiacha ile ngumu mfukoni bila kunung'unika. Dansi ikivurugika katikati, anatafuta kitu cha kurahisisha, au anaifunga mapema na kuwashukuru watu. Hamwonyeshi mtu kidole. Kosa la ukumbi analihesabu kuwa kosa lake la kupanga.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Kuna desturi mbili zinazobeba mpango huo. Desturi ya kwanza: kila dansi inapokwisha, watu wanabadilisha wenzao. Mtu yeyote anaweza kumwomba yeyote, na anayeombwa ana haki ya kukataa kwa adabu. Desturi ya pili: wanaojua wanawatafuta wageni, hasa katika dansi za mwanzo. Wageni wawili wakishikana pamoja mwishoni mwa mstari, watapotea wote wawili. Mgeni mmoja katikati ya wanaojua atabebwa kwa mikono, bila hotuba.

Tunajua swali lenu, maana nasi tuliliuliza: kuzungushana na bwana wa mtu mwingine, hiyo si vurugu? Dada yetu alicheka. Alisema kule ni kama kusalimiana kwa mkono mbele ya kanisa: umemaliza, umesogea, umekutana na mwingine, na mke wake yuko mstari huohuo anazungushana na mzee wa miaka themanini. Tena siku hizi, mahali pengi hawasemi tena "wanaume fanyeni hivi, wanawake fanyeni vile". Wanatumia majina ya ndege wawili, lark kwa anayesimama kushoto na robin kwa anayesimama kulia, na kila mtu anachagua upande. Mama anaweza kucheza na mama mwenzake, na binti na shangazi yake. Hakuna anayekaa kwa sababu wanaume ni wachache. Kwa ushirika wa wamama kama wetu, hilo ni jambo la kuandika kwenye daftari.

Hatuwaambii tuache michezo yetu tucheze kontra. Violini hatuna, na rumba inatutosha. Tunachotaka kuchukua ni ule utaratibu.

Tulipoeleza haya kwenye komite, mama mmoja alituambia wazi: "Mwalimu, na sisi tuliojifunza miezi mitatu, tutarudi kupiga hatua za watoto?" Swali lake ni la haki, na hatulifuniki. Aliyetoa jasho kujifunza anataka kuonekana. Jibu letu ni hili: mchezo wa 8 Machi hautatupwa. Utahamishwa. Zamani tuliufungulia sherehe nao, na hapo ukawa ukuta mbele ya wageni. Sasa utaingia katikati, saa ya dansi ya sita. Nusu yake tutakuwa tumeshaifundisha kidogo kidogo tangu mwanzo: kwanza makofi peke yake, kisha kugeuka mara moja, kisha makofi na kugeuka. Atakayetaka kuingia ataingia. Atakayetaka kuangalia ataangalia, lakini atakuwa anaangalia kitu ambacho mikono yake inakijua tayari. Na mabingwa wataonekana kweli, mara mbili: kwa hatua zao, na kwa mtu waliyemshika mkono.

Kwa hiyo kwa sherehe ijayo tunapendekeza hivi. Wimbo wa kwanza uwe wa duara moja, hatua nne tu, na viti visogezwe hadi ukutani ili pasiwe na benchi linaloangalia katikati. Katika nyimbo mbili za mwanzo, kila mwanachama wa zamani asicheze na rafiki yake. Atafute mama aliyekuja chini ya mwaka mmoja. Kila wimbo ukiisha, tubadilishe. Nyimbo za haraka na za polepole zipishane, maana kuna wenye mimba na wenye magoti mabaya. Wimbo wa kufunga uwe ule ambao hata watoto wanaujua. Na mmoja wetu ashike kikaratasi na penseli, awe na ruhusa ya kubadilisha.

Tunaongeza jambo moja ambalo hatukulitoa New Hampshire. Alhamisi iliyopita tulikwenda kuwaona wale wamama wawili. Hatukubeba barua ya mwaliko wala kikwembe cha zawadi. Tulikaa kwenye majani, tukasaidia kumenya mihogo, kisha tukawauliza kwao watu wanacheza nini wakati wa mavuno. Kwanza walinyamaza. Kisha yule mkubwa akafuta mikono, akasimama, akatuonyesha. Ni mchezo wa mabega, na mguu unachelewa kidogo nyuma ya ngoma. Tulijaribu, tukaukosea vibaya sana, na yeye akatushika viwiko na kuturudisha nafasi yetu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, bila kuchoka. Wakati ule sisi ndio tulikuwa wageni, na tulijua ni nini kinachomfanya mtu aseme "nitaangalia tu".

Hawajatuahidi kurudi. Lakini tumewaomba watufundishe mchezo huo kwa ajili ya nafasi ya tatu katika mpango wetu, ile ya kitendo kimoja kipya, na wamesema watafikiri. Nafasi hiyo tumeiacha wazi kwenye karatasi, kwa penseli.

Kila kikundi kilete kwenye mkutano wa Jumamosi majina ya nyimbo tatu: moja rahisi ya kufungulia, moja ya katikati, moja ya kufunga. Prezidante atazipokea.

Tutaonana juma lijalo. Mubaki na amani.